Mama mkwe amesema hatakanyaga nyumba yenye paka

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 29, naishi Moshi, mtaa wa Pasua, na mume wangu. Mimi ni fundi cherehani. Yeye ni dereva wa lori, anakwenda Namanga na kurudi, kwa hiyo kwa wiki tunaonana siku mbili, zikizidi tatu. Nina mimba ya miezi minne. Nakuandikia habari ya paka, na najua wapo watakaosoma wakasema huyu hana matatizo. Naomba unisikilize mpaka mwisho.

Paka huyu alikuwa wa bibi yangu mzaa mama, aliyenilea Kibosho tangu nikiwa darasa la pili. Ni mweupe, ana doa moja jeusi mgongoni, na bibi alimwita Theluji. Bibi alipofariki mwaka juzi, nyumba ilifungwa na paka akabaki mlangoni. Siku ya kuondoa matanga nilimkuta bado pale. Nikamtia kwenye kikapu, nikashuka naye mjini kwa daladala, akilia njia nzima. Sasa anakaribia miaka saba. Mchana analala chini ya cherehani yangu, usiku juu ya magunia ya mahindi stoo. Tangu aje, panya kwetu wamekuwa hadithi.

Mwaka jana nilipoteza mimba ya wiki 10. Mume wangu alikuwa safarini. Siku tatu nilizolala, aliyekaa nami kitandani ni Theluji. Mama mkwe alikuja kutoka Rombo kunipa pole, akamwona, akasema mbele ya majirani: "Huyu paka wako ndiye aliyeila mimba." Tangu hapo jambo halijaisha. Anasema manyoya yataota kwenye kifua cha mtoto, na kwenye jumuiya ameambiwa paka wana ugonjwa unaoua watoto tumboni. Mimi nilidhani ni maneno ya wazee. Mwezi uliopita nikiwa kliniki nesi aliniuliza kama nafuga paka. Niliogopa, nikasema hapana.

Sasa Desemba nitajifungua. Kama unavyojua kwetu, mzazi analelewa miezi mitatu, na ni mama mkwe anayepaswa kuja kunipikia mtori na kumshika mtoto. Mama yangu mzazi hayupo. Mama mkwe ametuma ujumbe kwa mume wangu kwamba atakuja kwa moyo mmoja, lakini hatakanyaga nyumba yenye paka. Mume wangu ameniambia, "Fanya unavyoona, ila Mama asikasirike." Basi, akaondoka na lori.

Nisingetaka umwone mama mkwe kama mtu mbaya. Alizaa watoto watatu, amebaki na mume wangu peke yake. Mmoja alifariki akiwa mchanga wa wiki chache.

Jingine linaloniuma ni hili. Mwezi Mei, baada ya mvua, Theluji alijaa viroboto. Nilikwenda dukani nikapimiwa dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye kichupa, nikamwogesha. Jioni alianza kutetemeka na kutoa mate, miguu ikawa inacheza yenyewe. Jirani aliniambia nimuoshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya vuguvugu, nikamfunga kwenye kanga, nikakesha naye. Alipona. Mama mkwe aliposikia alisema, "Hata kumtunza hujui, utaweza mtoto?" Sina la kumjibu. Tangu Februari pia ana kidonda kwenye ncha ya sikio, kinafanya gaga, linabanduka, kinarudi. Mwaka jana alizaa mara mbili, na watoto niliwagawa wote.

Shangazi, nimpeleke kwa mama yangu mdogo Kibosho? Na je, kwa mtu wa kipato changu, inawezekana kweli kumweka paka akawa mzima mwaka mzima, au najidanganya?

Niliye njia panda, Moshi

*

Marahaba mwanangu.

Kwanza pole kwa mimba uliyoipoteza. Nalitanguliza hilo kwa sababu wewe umelipitia haraka, ukafika kwa mama mkwe na majirani kabla hata hujajililia. Siku tatu kitandani na paka pembeni. Nimeisoma sehemu hiyo mara mbili. Ninaelewa kwa nini ukiambiwa "mwondoe paka" unasikia kama umeambiwa umwondoe bibi yako, na mtu pekee aliyeshuhudia ile huzuni.

Nikiisoma barua yako, naona maswali matatu yaliyofungwa kamba moja: paka ni hatari kwa mimba? Unaweza kumtunza akawa mzima? Na nani atakuwa nawe Desemba? Tukiyafungua moja moja huenda mzigo ukapungua.

Tuanze na lililo zito. Kuna ugonjwa unaoitwa toksoplasmosi, na aliyemwambia mama mkwe kwenye jumuiya hakutunga. Unaletwa na kimelea kinachoishi ndani ya panya, ndege na nyama mbichi, na paka ndiye anayetoa mayai yake kwenye kinyesi. Mwanamke akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, mtoto aliye tumboni anaweza kudhurika, na mimba inaweza hata kutoka. Huo ni ukweli, usiudharau.

Lakini sikiliza ulivyo kwa ukamilifu wake. Paka akiambukizwa mara ya kwanza hutoa mayai hayo kwa wiki 1 hadi 3 hivi, kisha kwa kawaida huacha. Anayetazamiwa zaidi kuyatoa ni paka mdogo anayeanza kuwinda. Theluji amekula panya wa Kibosho na wa Pasua karibu miaka saba. Kuna uwezekano mkubwa kwamba hilo lilimpita zamani, ingawa hakuna wa kukuapia. Tena mayai hayo yakitoka hayaambukizi papo hapo, huhitaji siku 1 hadi 5 ndipo yawe na madhara. Ndiyo maana mchanga wa paka, ule anaojisaidia ndani yake, ukimwagwa kila siku, na mtu mwingine asiye mjamzito, hatari hupungua sana. Hayakai kwenye manyoya yakakurukia ukimpapasa. Na watu wengi huupata ugonjwa huu bila paka kabisa: nyama choma ambayo ndani bado nyekundu, mchicha ambao haukuoshwa vizuri, udongo wa bustani chini ya kucha. Paka wa majirani wote wanajisaidia kwenye udongo huo. Theluji akienda Kibosho leo, mchicha utabaki pale pale.

Kuhusu mimba ya mwaka jana, siwezi kukuambia sababu yake, na mama mkwe pia hawezi. Ninachokijua ni kwamba karibu nusu ya mimba zinazotoka mapema hutoka kwa sababu mbegu na yai viliungana na hitilafu tangu siku ya kwanza, jambo ambalo mama hakulifanya na hakuweza kulizuia. Nakuomba ulisome hilo tena usiku ukiwa peke yako.

Manyoya hayaoti kifuani mwa mtoto. Wapo watoto wanaopata mzio wa paka, wakapiga chafya au kubanwa kifua, na akiwa hivyo utamwona na mtachukua hatua. Mtoto mchanga akiwa amelala asiachwe peke yake na paka, kwa sababu paka hupenda kujilaza penye joto. Chandarua kilichochomekwa vizuri kinasaidia hapo pia.

Sasa kliniki. Mwanangu, rudi. Mwambie yule nesi kwamba ulisema hapana kwa hofu na kwamba paka yupo. Hatakuchapa. Aliuliza ili ajue akushauri nini, na kipo kipimo cha damu kinachoonyesha kama mwili wako ulishawahi kukutana na kimelea hicho. Umekulia Kibosho na paka na udongo tangu utotoni, inawezekana ulishakutana nacho zamani na mwili ukajikinga. Inawezekana pia hukukutana nacho, na hapo tahadhari zinaongezeka. Vyovyote vile, hutaamua kwa kubahatisha.

Tuje kwa Theluji mwenyewe. Umeambiwa hujui kumtunza. Mimi nimesoma habari ya mtu aliyepewa dawa isiyofaa kwenye kichupa kisicho na maandishi, akaona dalili, akaosha, akampa joto, akakesha. Ile dawa ya ng'ombe kwa kawaida ina viuadudu vya jamii ya permethrini. Ng'ombe anavimudu, mbwa anavimudu, lakini ini la paka haliwezi kuvivunja. Kumwosha kwa sabuni ya vyombo ndiko kulikomwokoa. Kilichopungua ni daktari tu. Kwa hiyo mama mkwe akiuliza "utaweza mtoto?", jibu lako lilikuwa pale usiku ule kwenye kanga.

Ila kuna jambo moja umelitaja kwa kupita na mimi limenishtua. Analala juu ya magunia ya mahindi. Yanahifadhiwa kwa dawa ya unga? Baadhi ya dawa hizo zina hiyo hiyo permethrini, na paka hujilamba mwili mzima. Msogeze. Kikapu chake cha safari ya daladala kikiwekewa kipande cha blanketi kinatosha, hata mlangoni mwa hiyo hiyo stoo.

Uliuliza kama inawezekana mwaka mzima. Ukiufuata mwaka wetu ulivyo, inawezekana, na si ghali kama unavyohofu. Masika, Machi hadi Mei, ndiyo viroboto huzidi. Wale unaowaona mwilini ni wachache, wengi wako kwenye mkeka na nyufa za sakafu wakiwa mayai na watoto. Ukimwogesha paka peke yake utakuwa unachota maji kwa pakacha. Fagia pembeni, anika matandiko juani, na dawa ya mwilini iwe iliyoandikwa paka kwenye lebo yake, si ya mbwa iliyogawanywa nusu. Viroboto wanaleta na tegu pia: ukiona vipande kama punje za mchele chini ya mkia, ndiyo hao. Paka anayewinda apewe dawa ya minyoo kila miezi mitatu.

Juni hadi Agosti ni baridi, na mafua ya paka husambaa. Akipiga chafya macho yakatoa uchafu, mkaushe, mpe joto, na akikataa chakula zaidi ya siku mbili usingoje. Usimpe panadol hata robo. Kidonge kimoja kinaua paka. Msimu huo huo mahindi yanaingia ndani na majirani wanatega sumu ya panya. Nyingi ya sumu hizo huzuia damu kuganda, na paka akila panya mwenye sumu humpata taratibu: anachoka, ufizi unakuwa mweupe, anatoka damu. Akiwahiwa, vitamini K humwokoa. Zungumza na majirani watumie mitego, waambie unaye mtegaji wa bure.

Kiangazi cha Januari na Februari ni maji, maji na kivuli. Chakula mwaka mzima kisiwe ugali uliolowekwa mchuzi. Mchuzi una vitunguu, na vitunguu huharibu damu ya paka. Dagaa waliochemshwa bila chumvi, vichwa vya samaki, utumbo wa kuku ulioiva. Paka asipopata nyama ya kutosha hukosa taurini, kirutubisho kilichomo kwenye nyama, na moyo na macho yake hudhoofika. Maziwa huwaharisha wengi wakishakua. Vyote hivyo viive, kwa faida yake na yako, kwa sababu nyama mbichi ndiko kimelea kile hukaa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa ni lazima, kwa sababu paka naye anakipata na anakiambukiza. Uliza ofisi ya mifugo ya manispaa. Halmashauri nyingi huchanja karibu na 28 Septemba, siku ya kukumbuka ugonjwa huo duniani. Na ukiwa huko, uliza kuhusu kumfunga kizazi. Hili nalisisitiza kwa sababu yako. Mimba ya paka ni miezi miwili tu. Akibeba sasa, atazaa Septemba, na Novemba utakuwa na vitoto vya paka vinavyoanza kuwinda wakati wewe unasubiri uchungu, na ndio wale niliokuambia hapo juu kwamba wanatazamiwa zaidi kutoa mayai yale.

Baada ya hayo yote, mwanangu, nina shaka kama ugomvi huu ni wa paka. Umeniambia mwenyewe, katika mstari mmoja, kwamba mama mkwe amezika watoto wawili. Mwanamke wa namna hiyo akiona mjukuu anakuja, anatafuta kitu cha kukifukuza mlangoni. Kifo hakifukuziki, paka anafukuzika. Maneno yake mbele ya majirani yalikuwa makali na yalikuumiza, siyatetei. Lakini je, kuna mtu aliyewahi kumuuliza juu ya yule mchanga wa wiki chache? Jina lake nani? Wewe na yeye mmezaa msiba wa aina moja, na mnaongea habari za manyoya.

Na mume wako. Umeandika alichosema juu ya paka, hukuandika hata neno moja alilosema juu ya mimba iliyopotea. Huenda hakusema. Huenda alilia ndani ya lori huko barabarani, nawe hukujua. "Fanya unavyoona" inaweza kuwa uzembe, inaweza pia kuwa woga wa mtu aliyebanwa kati ya mama na mke. Akirudi, kabla ya kumtaja Theluji, muulize siku ile alikuwa wapi aliposikia.

Njia zilizopo naziona hivi. Ya kwanza ni kumpeleka kwa mama mdogo. Si usaliti kama mama mdogo anampenda kweli. Lakini Kibosho ni juu, kuna baridi na ukungu kuliko Pasua. Atafungiwa ndani wiki mbili tatu ili azoee, la sivyo atatoroka kwenda kwenye nyumba ya bibi iliyofungwa, alale mlangoni kama mwanzo. Jiulize kama utaweza kuipokea habari hiyo ukiwa mzazi. Na ukimtoa kwa kulazimishwa, jihadhari na uchungu utakaoukaribisha mezani pamoja na mtori wa mama mkwe.

Ya pili ni kubaki naye, mume au kijana wa jirani akimwaga mchanga kila siku, paka akiwa na chanjo na dawa zake. Hapa sitakuficha: mama mkwe anaweza kushikilia neno lake, ukajikuta na mtoto mchanga, mume yuko Namanga, na huna wa kukushika. Tena Mungu apishe mbali, jambo lolote likitokea lawama itakuja kwako hata kama paka hana kosa. Unao wengine? Mama mdogo huyo huyo anaweza kushuka badala ya paka kupanda?

Ya tatu ni ya katikati: Theluji akae kwa yule jirani wa sabuni miezi mitatu. Shida ni kwamba paka hajui mipaka ya wapangaji. Kila jioni atakuwa dirishani, na itabidi mama mkwe awe amejua mapema, asidhani mmemdanganya.

Kuna na jambo linaloweza kutangulia zote. Mama mkwe akishuka mjini kabla ya Desemba, mwombe akusindikize kliniki. Asikie maelezo yale kutoka kwa nesi badala ya kwako, na aulize mwenyewe anachokiogopa. Huenda akatoka na msimamo ule ule. Huenda akatoka akisema paka akae, ila chumba cha mzazi kifungwe. Hata wewe huenda ukatoka ukiona kwamba kwa miezi hii unataka utulivu kuliko unavyomtaka paka, na hilo halitakuwa kosa. Muda unao, miezi mitano si haba.

Kisichoweza kungoja ni lile sikio. Paka mweupe hana rangi ya kuikinga ngozi ya masikio na jua, na kidonda kinachorudi kila mara kwenye ncha kinaweza kuwa mwanzo wa saratani ya ngozi. Likiwahiwa, daktari wa mifugo huondoa ile ncha na paka akaendelea na maisha yake. Awe wa Pasua au wa Kibosho, mpeleke wiki hii, na mbebaji wa kikapu awe mtu mwingine.